Ruta ya Chumba cha Nyuma

Mama Pazia hakuitwa hivyo kwa sababu ya mtoto, maana mtoto hakujaliwa kupata. Aliitwa hivyo kwa sababu nusu ya madirisha ya mtaa ule yalikuwa yamevaa kazi ya mikono yake. Alishona mapazia tangu usichana wake, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyoishi na mama yake mzazi. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa kwenye kona kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Mume aliwahi kuwa naye, akaenda zake. Akiulizwa, alijibu kwamba yule bwana alikuwa amekatwa kwa vipimo vya dirisha lingine, na hapo habari zikaishia.

Ndugu yake alikuwa mmoja tu, kaka aliyemzidi miaka miwili. Kwa wembamba wake watu walimpachika jina la Msumari, nalo likamganda hata kabla hajawa seremala. Msumari alizaliwa hasikii. Alipopelekwa shule ya bweni ya viziwi alirudi likizo ya kwanza mikono imejaa maneno, na dada mtu akayadaka yote, moja baada ya jingine, kama mtoto anayeokota maembe chini ya mti wa jirani. Tangu hapo hawakunyamaza. Waliongea mezani, waliongea vitandani wakitakiwa wawe wamelala, walisengenya wageni mbele ya wageni wenyewe.

Mama yao hakujifunza. Alijua kusema kula, njoo, lala na acha, na mengine yote aliyapitisha kwa binti. "Hebu mwambie kaka yako," ndivyo alivyoanza kila neno la maana alilotaka kumwambia mwanawe. Basi yule binti akawa mdomo wa mama na sikio la kaka tangu ana miaka sita, wala haikumpitikia hata siku moja kwamba hiyo ni kazi.

Msumari alipokua alipata ajira kwenye karakana ya samani katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko walikuwepo mafundi viziwi watano, wote wa shule moja na yeye, na mwenye karakana aliwapenda kwa sababu kelele za mashine hazikuwakera. Akakaa miaka kumi na tisa. Simu zilipoanza kuonyesha picha, Jumapili saa tisa alasiri ikawa saa yao. Dada aliiegemeza simu kwenye cherehani, akakaa mbele yake, mama akasogeza kiti pembeni, na wale ndugu wawili wakapiga soga mpaka mabega yaume.

Taabu iliingia kidogo kidogo. Msumari akaanza kuomba arudiwe. Kwanza ilikuwa mara moja moja, halafu kila baada ya sentensi mbili tatu. Alisema picha inakatika. Akamwomba dada yake arudi nyuma, akae mbali zaidi na simu. Wiki nyingine akamwomba awashe taa, na nje jua linawaka. Wiki nyingine akasema picha imemeguka kando, mkono wa kushoto hauonekani.

Anayesikia, mtandao ukimkatia neno, atabahatisha. Kwa wenye kuongea kwa mikono mambo ni mengine, kwa sababu alama ikigandishwa katikati, hujui kama mkono ulikuwa unapanda au unashuka. Siku moja Mama Pazia alieleza kwamba mama alikuwa na kikohozi kikali lakini sasa hajambo. Kaka akalipata la kikohozi, la hajambo likampotea. Kesho yake alfajiri alikuwa kituo cha basi na begi mkononi, na ilibidi atumiwe ujumbe wa maandishi mara nne ndipo akubali kurudi kazini. Walicheka baadaye. Ila Mama Pazia hakucheka sana, akala kiapo kwamba mtandao wa nyumba ile ataushughulikia.

Wala hakuwa anausingizia. Ruta yao ilikuwa kijisanduku cheusi walicholetewa na kampuni ya intaneti miaka mingi nyuma, kimekaa sebuleni nyuma ya televisheni, kimefunikwa vumbi na kitambaa cha mama cha kupambia. Kati yake na karakana zilikuwepo kuta tatu za mawe. Picha ya Msumari ilikuwa ikifika chumba cha nyuma imechoka, na mara nyingine uso wake uliganda mdomo wazi dakika nzima.

Mama Pazia akaanza kuuliza watu. Jirani mmoja, mwalimu wa hesabu, alimwambia atafute ruta yenye antena nyingi. Mteja wake mmoja akasema antena ni mapambo tu, cha muhimu ni kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Binamu yake akamwambia asijisumbue, ahamishie simu sebuleni. Hilo alikuwa amelijaribu, lakini sebuleni mwanga ulitoka nyuma yake na Msumari aliona kivuli kinapunga mikono.

Mama Pazia hakuwa mtu wa kununua kitambaa kwa kuambiwa. Alichukua futi yake ya kushonea akaipima nyumba nzima, urefu wa korido, unene wa kila ukuta kwenye fremu ya mlango, mahali lilipo friji, mahali lilipo kabati lenye kioo. Akaweka kwenye simu programu ya kupima kasi, akawa anazunguka nayo chumba kwa chumba, asubuhi, mchana na jioni, na kila alichokiona akakiandika kwa chaki ya mafundi kwenye karatasi ya kukatia vielelezo. Mama yake alimtazama akipita na kurudi, akamuuliza kama amepoteza kitu.

Ile karatasi aliikunja akaenda nayo duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeuza vitu hivyo miaka mingi mpaka akaacha kuvisifu. Akaikunjua karatasi juu ya kaunta, akaisoma yote.

"Watu wote huingia hapa wakasema wanataka yenye kasi," alisema. "Wewe dada umeniletea ramani. Ruta utaitumia kwa kazi gani hasa?"

"Kuongea na kaka yangu. Kwa mikono."

Mzee alikuwa tayari ameshika boksi moja kubwa lenye picha ya ruta ya antena nane, kitu kama kaa aliyelala chali. Akalirudisha rafuni.

Kisha akamweleza bila haraka. Ruta, alisema, haiongezi kilicholetwa na waya wa kampuni, kazi yake ni kukigawa ndani ya nyumba. Karibu zote za siku hizi zina masafa mawili, moja linafika mbali lakini linajivuta, jingine lina mbio lakini ukuta wa mawe unalimeza. Kwa kuta tatu, sanduku moja hata liwe na majivuno kiasi gani litafika chumba cha nyuma limeishiwa pumzi. Akamwambia pia kwamba wengi huangalia kasi ya kupokea tu, na yeye anayetuma mikono yake aiangalie ya kutuma, maana hiyo ndiyo inayomfikia kaka. Mama Pazia akauliza ipi isiyokatika, hata kama si ya mbio kuliko zote. Mzee akamtolea jozi ya ruta mbili ndogo nyeupe, zisizo na sura yoyote ya kumtisha mtu: moja ya mbele, moja ya karakana, na kebo ya kuziunganisha ili zisitegemee hewa. Akamwambia aziweke juu, wazi, mbali na friji na kioo. Na apige simu kampuni ya intaneti, wamwongezee ya kutuma.

Alifanya vyote. Kebo aliipitisha mwenyewe kandokando ya dari, imenyooka kama chuma cha pazia, na kila hatua akaibana kwa vibanio. Jumamosi jioni alipima kasi akiwa karakana, akapima tena, akaenda kumwonyesha mama namba ambazo mama hakuzielewa. Mama akasema Mungu ambariki. Usiku ule Mama Pazia alilala usingizi mzuri.

Jumapili saa tisa picha ilikuja kama mtu amekaa ng'ambo ya meza. Aliona vumbi la mbao kwenye nyusi za kaka yake. Aliona kovu dogo kidevuni, na mvi ambazo hakuwa amezijua. Mikono yake mwenyewe, kwenye kile kipicha kidogo cha pembeni, ilikwenda bila kukwama hata mara moja. Akaeleza habari za kuta na masafa na yule mzee wa miwani, kwa furaha, kwa haraka, mikono yote miwili ikienda huku na huko.

Msumari akasema, "Rudia. Picha inakatika."

Alirudia. Kaka akaitikia kwa kichwa, lakini alichojibu hakikuhusiana na alichoambiwa. Mama Pazia akatazama ruta juu ya rafu. Taa zake zote zilikuwa kijani. Akatazama tena kile kipicha cha pembeni.

Ndipo wazo likamjia. Aliinua mkono wa kulia mbele ya kifua, akaanza kuusogeza taratibu kwenda kando, vidole vikichezacheza. Mwanzo macho ya kaka yake yaliufuata. Ulipofika usawa wa bega, macho yale yakabaki pale pale kifuani. Mkono ulikuwa bado ndani ya picha, wazi kabisa, unapunga. Msumari alikuwa akitabasamu, anasubiri dada yake aanze kusema.

Mama aliona kwamba jambo fulani limetokea. "Anasemaje?" aliuliza.

Binti akarudisha mikono katikati, akaibana kifuani, akasema kwa alama ndogo ndogo, "Kaka, mtandao hauna kasoro. Macho yako yana nini?"

Msumari akaeleza, na picha ile nzuri haikumficha chochote. Ilianza na giza. Miaka minne nyuma akawa haoni jioni, akawa anagonga watu njiani. Baadaye kando za kila kitu zikaanza kuliwa, mpaka sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimwambia ni ugonjwa unaowapata baadhi ya waliozaliwa viziwi, unakula taratibu, na dawa ya kuuzuia haipo. Msumari hakumwambia mtu. Alikuwa bado anaendesha msumeno wa mashine.

"Nilikuwa naushukuru mtandao wenu mbovu," alimaliza. "Kila nilichokosa kuona, niliusingizia."

Mama Pazia alimgeukia mama yake akamweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Yule mama alikaa, mikono mapajani, akimtazama mwanawe kwenye simu. Kisha akasema, "Hebu mwambie kaka yako…" na hakupata la kumalizia.

Wiki zile zilizofuata dada alikuwa haoni kingine ila ule msumeno. Akimwambia kaka aseme kwa mwenye karakana, kaka anaomba apewe muda kidogo, amalizie vitanda vya wanafunzi, amalizie oda ya viti. Akikata kitambaa, mkasi unamkumbusha. Mwisho alimwandikia mwenye karakana yeye mwenyewe, ujumbe wa mistari mitano, akautuma kabla moyo haujabadilika. Mwenye karakana hakuwa mtu mbaya. Alimwondoa Msumari kwenye mashine akampa kupiga msasa, na msasa hauhitaji macho mengi. Lakini siku moja Msumari aliangusha kabati lililokwisha kupakwa vanishi, ikawa basi. Aliondoka na patasi zake na randa yake.

Jumapili tano hakupokea simu. Mama Pazia alikaa mbele ya cherehani kila saa tisa, simu ikiita. Ilipofika ya sita kaka akapokea, na la kwanza alilosema lilikuwa, "Ungeniacha."

"Ungekatwa mkono."

"Ndiyo. Lakini ungeniacha."

Hawakulizungumza tena. Dada akamwomba arudi nyumbani, akamweleza kwamba chumba kipo, kwamba mama anamlilia. Msumari alikataa, na alikataa bila hasira, jambo lililomuumiza dada zaidi. Alisema pale alipo anakaa na mwenzake wa shule na mke wa mwenzake, wote viziwi, na anaijua njia ya kwenda bombani na kurudi kwa nyayo zake. "Nikija huko nitakuwa na mtu mmoja," alisema. "Huku nina sita wenye mikono."

Mama Pazia hakumtafsiria mama yale. Lakini mama alikuwa ameona vidole sita vikihesabiwa, na pengine alielewa, kwa sababu kesho yake alikuja karakana na uzee wake wote, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema anataka kufundishwa.

Akafundishwa. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, havikunjuki vizuri, na alama nyingi zilitoka kama kitu kingine. Alichanganya "jana" na "bibi." Akikosea alicheka kwa aibu, akaanza upya. Alichorewa alama kwenye karatasi akaibandika jikoni, akawa anafanya mazoezi akisubiri maji yachemke. Kila Jumapili alijaribu moja mbele ya simu, na Msumari, aliyekuwa sasa anaona eneo dogo kama kisahani cha chai, alisogea mpaka pua inagusa kioo, akajitahidi kuyapata maneno ya mama yake. Alipata "habari." Alipata "umekula." Siku aliyopata "umekula" aliomba arudie, na mama akarudia mara nyingi, na binti akatoka nje akasimama uani.

Walichoshindwa kukitangulia ni wakati. Ilimchukua mama karibu mwaka kuunganisha sentensi moja kamili, ile aliyoitaka tangu mwanzo. Aliitaka isiwe na makosa, akawa anasema bado, wiki ijayo, bado. Jumapili aliyojiona yuko tayari alivaa gauni lake zuri, akakaa kiti cha katikati badala ya pembeni, akasema kwa mikono yake iliyopinda kwamba anaomba msamaha kwa kuchelewa kuongea naye. Alisema vizuri. Msumari alikuwa ameelekeza uso kwenye simu, macho wazi. Akauliza, "Kuna mtu? Leo naona ukungu mtupu. Dada, upo?"

Mke wa rafiki yake ndiye aliyeona sentensi ile. Alikuja kutoka nyuma, akashika kiganja cha Msumari, akamwandikia humo kwa vidole vyake. Msumari aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza ni nani hasa aliyesema, akaambiwa tena, akaitikia tena kwa kichwa. Mama hakujua kama yamefika. Binti alimwambia yamefika.

Sasa wanaongea kwa namna hiyo. Msumari anaeleza habari zake kwa mikono mirefu, mizuri, ya mtu ambaye lugha haijamwacha, na kila alama inafika chumba cha nyuma bila kukwama, safi, hadi kucha zinahesabika. Ya kwake dada yanafika pale tu akiwapo mtu wa kuyabeba hadi kiganjani, na watu wale wana kazi zao. Kuna Jumapili moja mke wa rafiki alitoka kumfungulia mgeni mlango. Msumari alikuwa katikati ya habari ya mti mmoja wa mninga aliowahi kuupasua, akamaliza, akasubiri. Dada alimjibu. Akamjibu tena. Kaka alisubiri huku ametabasamu kidogo, kichwa kimeinamia upande, kisha tabasamu likamwisha, akanyoosha mkono akapapasa meza mpaka akaipata simu, akaizima.

Mama Pazia husafiri kumwona mara moja kwa mwaka, binamu akipata nafasi ya kukaa na mama. Siku mbili huzimaliza wameshikana viganja, wanasema kila kitu. Usiku wa pili hupanga begi, na asubuhi hupanda basi, kwa sababu mama hawezi kuachwa zaidi ya hapo, na madirisha ya watu yanamsubiri.